Tupeane uzoefu: Malindi hadi Amu (Lamu) kwa ndege, mlitumia muda gani hasa?

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mwezi ujao nampeleka mama Amu arusini kwa mjukuu wake, na mgongo wake haustahimili basi. Uwanja wa Malindi na ule wa Manda vimeachana kama kilomita 140 kwa mstari ulionyooka. Barabara ya Garsen na Witu inapita kilomita 200, na bado kuna boti ya kuvuka kutoka Mokowe. Waliopanda ndege watwambie: tangu kufunga mlango wa nyumba hadi kuvua viatu ugenini, saa ngapi?

Mwana wa Shela: Dada, angani ni nusu saa tu. Lakini uwanja uko kisiwani Manda, kwa hiyo ukishuka kuna gati na boti tena. Mimi kutoka nyumbani Malindi hadi mjini Amu ilinichukua saa tatu, nyingi zikiwa za kungoja. Mizigo nayo hupimwa. Nilibeba zawadi nyingi, kapu moja likabaki.

Kipepeo: Msisahau upepo. Ndege ya panga moja inayokwenda kilomita 300 kwa saa, ikikutana na kaskazi ya kilomita 40, mwendo wake juu ya ardhi ni 260: dakika 32. Kusi ikiisukuma, dakika 25. Ni kaskazi hiyohiyo inayowafanya wenye majahazi wabishe, yaani wapinde huku na huku kuupinga upepo, kwenda Amu.

Binti Faza: Langu lilinifunza. Nilipigiwa simu baba hali mbaya, nikapata kiti siku hiyohiyo. Saa tano asubuhi niko Manda, moyo unaniambia nimefika. Kumbe maji yamekupwa na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki kwenda kwetu Faza, kisiwani Pate. Nje ya kisiwa kusi limechafuka, nahodha akakataa kuzunguka, na alikuwa na haki. Nilikaa gatini na mkoba mapajani hadi maji yalipojaa alasiri. Faza nikaingia magharibi ikiadhiniwa. Nusu saa ya ndege, kutwa nzima ya maji! Baba nilimkuta ameketi, alhamdulillahi, ananiuliza kama nimekula.

Mzee wa Witu: Barabara siku hizi ni lami, na mimi huipenda. Ila mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipoikata Gamba, ndege ndiyo iliyotuokoa.

Mwana wa Shela: Dada, siku ya arusi mwezi wa angani utakuwa wa ngapi?

Mwenye mada: Mwezi kumi na nne, mpevu.

Mwana wa Shela: Basi ni bamvu, maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne, saa tano asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, boti iko chini na ngazi za gati zina utelezi. Kwa mama, tafuta ndege ya alasiri, maji yakijaa.

Mwenye mada: Allah akulipe. Nimeshawaambia kaka zangu wawili wangoje gatini saa tisa, wamshike mikono.