Wakuu, maji ya kisima Usa River nichemshe dakika ngapi?

Kipara_Mgeni: Habari za jioni wakuu. Nimejenga Usa River, Arusha, nimechimba kisima kirefu. Maji meupe, ya baridi, hayana harufu. Ila wife ana wasiwasi, tuna mtoto wa miaka mitatu. Nikichemsha dakika kumi yatatosha? Ushauri tafadhali, matusi pembeni.

Dada Mkemia: Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Shida ya huku ni floraidi, yale madini yanayotia meno rangi ya kahawia, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani, kwa hiyo inazidi makali. Umepima?

Mmeru Halisi: Tumekunywa hayohayo na tumekua. Ila nilipofika chuo Dar, binti mmoja akaniuliza nilianza sigara chekechea au la kwanza. Picha zote za harusi yangu nimefunga mdomo kama nadaiwa kodi.

Mlokole Tu: Wanaume mnajenga kwanza, mke anaulizwa baadaye. Haya sasa.

Bwana Makande: Na magadi kwenye makande je? Nayo si yana floraidi? Msiniharibie Jumamosi.

Dada Mkemia: Yanayo, tena nyingi. Mleta uzi, umepima au hujapima?

Kipara_Mgeni: Nilipima mwezi wa tatu. 6.8. Lakini kiwango cha Tanzania chenyewe zamani kilikuwa 4, wakaja kushusha.

Dada Mkemia: Sasa hivi ni miligramu 1.5 kwa lita. Na hata ingekuwa 4, wewe una 6.8! Meno ya ukubwani ya huyo mtoto yanajengwa sasa hivi ndani ya ufizi. Kinga maji ya mvua, au nenda Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na kwa nini unauliza leo, miezi yote hiyo?

Kipara_Mgeni: Mtoto wangu anakunywa ya chupa.

Mmeru Halisi: Eh. Sasa hayo ya kuchemsha ni ya nani?

Kipara_Mgeni: Sawa, nauza. Ndoo shilingi mia. Nina mkopo wa kile kisima, na sijamlazimisha mtu. Nilitaka tu niwaambie wateja wachemshe, nafsi itulie. Bila mimi wangechota mtoni.

Zee la Sokoni: Hii chai. Wiki ijayo anakuja na ID nyingine kuuza filta, mtaona.

Bwana Makande: Tena chai ya kule kijijini Maji ya Chai kabisa 😂😂

Mlokole Tu: Filta yenyewe bei gani lakini?

Kipara_Mgeni: Siuzi filta! Karatasi ya maabara ninayo hapa mezani, nikiweka picha jina litaonekana.

Mama Twins: Samahani kaka, ni kile kisima chenye tenki juu ya mnara wa mbao, mkabala na mashine ya kusaga? Nachota hapo tangu Pasaka.

Kipara_Mgeni: Hapana dada. Mnara wangu ni wa chuma.