Naomba ushauri: shule iadhimishe sikukuu zenye asili ya dini, au iachane nazo kabisa?

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu mkuu amenikabidhi kazi ya kuandika mwongozo wa namna shule itakavyoadhimisha sikukuu. Wanafunzi wetu wanatoka katika familia za Kikristo za madhehebu mbalimbali, za Kiislamu, za Kihindu, na nyingine ambazo hazina dini au ambazo imani yao inawakataza kusherehekea sikukuu za namna hii.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo la muhula uliopita. Tulikuwa na mazoezi ya igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na mtoto mmoja wa darasa la tatu, ambaye wazazi wake walikuwa wameomba asishiriki, akawa anapelekwa maktaba kwa siku nne mfululizo. Siku ya nne niliingia humo kutafuta kitabu, nikamkuta amevipanga vitabu vya rafu ya chini kwa urefu, amevipangua, na anavipanga upya, huku sauti za wenzake wakiimba zikimfikia kupitia dirishani. Aliponiona aliniuliza adhabu yake itaisha lini.

Hakuna aliyemwadhibu, lakini nilikosa neno la kumwambia. Sasa walimu wenzangu wamegawanyika: wapo wanaotaka sikukuu zote ziondolewe, na wapo wanaoshikilia kwamba Krismasi imekwisha kuwa utamaduni tu, hivyo haimdhuru mtu. Ningeomba mnishauri.

Mama Wawili:
Mwalimu, nakushukuru kwa kuliona hilo, maana watoto wangu wamepitia hali kama hiyo na hakuna aliyeuliza. Familia yetu hatusherehekei Krismasi wala siku za kuzaliwa. Hatujawahi kuiomba shule iwanyime wengine furaha yao. Tunachoomba ni kupewa taarifa mapema, wiki mbili au tatu kabla, kwa maandishi, ili tukubaliane na mwalimu mtoto atafanya nini. Binti yangu alijulishwa asubuhi ileile, akalazimika kusimama mbele ya darasa zima kueleza kwa nini hawezi kuvaa mabawa ya malaika. Alikuwa na miaka saba. Mambo ya imani ya nyumbani anapaswa kuyaeleza mzazi kwa mwalimu, mtoto asibebeshwe mzigo huo.

Mzee wa Kanuni:
Mleta mada, anza na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989. Kifungu cha 14 kinalinda uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, na kinatambua haki na wajibu wa wazazi wa kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Kifungu cha 29 nacho kinataka elimu imjengee mtoto heshima kwa utamaduni wake na kwa ustaarabu ulio tofauti na wake. Ukivisoma pamoja, utaona kwamba shule haipaswi kumlazimisha mtoto kuabudu, na wakati huohuo haipaswi kumficha jinsi jirani yake anavyoabudu.

Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1963, ilizuia shule za umma kuendesha usomaji wa Biblia kama ibada ya asubuhi, lakini ikaeleza kwamba kuisoma dini kama somo, bila kuipigia debe, ni jambo linaloruhusiwa. Kwa hiyo kila unapoona shughuli katika ratiba, jiulize: je, watoto wanajifunza kwamba watu fulani husali hivi, au wao wenyewe wanasalishwa?

Na hoja ya "ni utamaduni tu" uiangalie kwa makini, kwa sababu kwa kawaida huitoa yule ambaye sikukuu hiyo ni ya kwao. Hata Wakristo wenyewe hawana siku moja: Waorthodoksi wanaofuata kalenda ya Julian husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari.

Kalamu Nyekundu:
Mimi sikubaliani nanyi. Nimefundisha muda mrefu, na nimeona kwamba shule ikiadhimisha sikukuu mbili, wazazi wa dini ya tatu watauliza yao iko wapi, na watakuwa na haki. Tena mwalimu anayepewa dakika arobaini za kuieleza Diwali, sikukuu ya Wahindu, bila kuijua ataishia kuwasha taa na kugawa karatasi za rangi, na mtoto wa Kihindu atatoka darasani akiwa ameaibika. Ni afadhali sherehe zibaki nyumbani na katika nyumba za ibada.

Hilali:
Namwelewa Kalamu Nyekundu, hasa kuhusu taa na karatasi, lakini kuondoa igizo hakuondoi tatizo la ratiba. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi na una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka, na mpangaji wa ratiba asipotazama kalenda huiangukia. Mwanangu alipangiwa mtihani wa hisabati asubuhi ya Idi. Alikwenda mtihani, akakosa sala, na jioni hakutaka kula na wageni. Mwalimu, kama mwongozo wako utakuwa na ukurasa mmoja tu, uanze na ruhusa na mitihani, kisha ndiyo uje kwenye nyimbo.

Mleta mada:
Nawashukuru wote, hata Kalamu Nyekundu, ambaye amenifanya nifute aya nzima. Rasimu sasa inasema hivi: hakuna mtihani siku ya sikukuu kuu ya dini yoyote iliyomo shuleni, na orodha ya siku hizo itapitiwa na wazazi kila mwanzo wa mwaka; darasani sikukuu zitafundishwa kama somo, kwa muda wa kutosha na mwalimu aliyejiandaa; igizo litakuwa la hiari na mazoezi yake yatafanyika baada ya vipindi, ili pasiwe na mtoto wa kutolewa darasani. Kabla sijaipeleka kwa kamati nitaomba kuonana na wazazi wa mtoto yule wa maktaba, waisome kwanza wao.