Wakuu, dawa ya mtumbwi inaweza kupimwa kwa haki? Naomba ushauri kabla giza halijaingia

Mwana wa Igombe
Wakuu, salaam.

Niko Igombe, nashika daftari la baba mdogo. Ana mitumbwi sita ya dagaa. Kila mbalamwezi ikiisha na giza linapoingia, yaani zile siku zisizo na mwezi, anaitwa mtaalamu (mganga) kutoka upande wa Magu ili tuvue zaidi. Anaosha mitumbwi, anafunga kitambaa cheusi chini ya ubao wa mbele, hapo panaponuka petroli na magamba, halafu anazika kitu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ambacho hatuoneshwi. Dawa inakaa giza moja, lijalo anarudi.

Hela yake inakatwa pamoja na ya petroli na taa, kabla ya mgao. Yaani hata kijana asiyeamini anachangia. Manung'uniko yameanza. Bamdogo anasema tangu ampate huyu mzee hajawahi kulala njaa. Nimemwambia tupime: mitatu ipate dawa, mitatu isipate, tuhesabu ndoo. Kakubali shingo upande, ila anasema mambo ya mizimu hayapimwi kama unga dukani.

Inawezekana kweli, au najitafutia laana? Na nifanyeje ili matokeo yasije kukataliwa?

Ngosha wa Kisesa
Mganga apimwe kwa hela inayomlipa mganga. Nimekaa pale 😂

Hesabu za Ziwa
Inawezekana, ila si hivyo ulivyopanga. Kwenye mitumbwi sita kuna njia 20 za kuchagua mitatu. Hata dawa ingekuwa maji ya bomba, kuna nafasi 1 kati ya 20 kwamba mitatu iliyopakwa ndiyo itashika nafasi tatu za juu. Bamdogo atapiga vigelegele na hujathibitisha kitu.

Halafu, nani anachagua? Ukimwachia mzee, dawa itaenda kwa nahodha anayevua vizuri siku zote. Piga kura ya kuokota vikaratasi mbele ya watu, na kila giza kura mpya, ili nahodha yuleyule avue akiwa na dawa na asipokuwa nayo. Hesabu usiku wa giza tu. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, utachafua daftari.

Gumu ni hili: wavuvi wasijue. Kila mtumbwi ufungwe kitambaa cheusi, vingine na dawa, vingine na majivu ya jikoni. Mwaka 1784 huko Ufaransa kulikuwa na wafuasi wa daktari Mesmer waliodai wanatibu kwa nguvu isiyoonekana. Tume iliyokuwa na wanasayansi Benjamin Franklin na Lavoisier ikamfunga macho mvulana mmoja na kumpitisha kwenye miti. Mmoja tu ndio "ulitiwa nguvu". Kijana akazimia kwenye mti mwingine kabisa. Hawakubishana na mtu kuhusu nguvu hizo ni nini, walificha jibu tu.

Mama Dagaa Kirumba
Mwanangu, mimi nanunua mwaloni miaka yote. Vijana wenye dawa wanakwenda mbali zaidi, wanakesha, hawarudi mapema. Ukiwaficha utapima kitambaa, hutapima moyo. Na moyo ndio unaoleta dagaa.

Na dawa ya kinga ya dhoruba usiiguse kwenye jaribio lako. Hiyo nunua majaketi ya kuokolea, basi.

Hesabu za Ziwa
Mama umegonga penyewe. Basi mwandike pia saa ya kutoka, saa ya kurudi na petroli iliyotumika. Ikionekana wanaodhani wana dawa wanavua zaidi kwa sababu wanakaa zaidi, hiyo nayo ni habari, na pengine kuna njia ya bei nafuu ya kuwatia moyo. Posho ya chai kwa mfano.

Nesi wa Zamu
Kujua kunaweza hata kugeuka shubiri. Marekani waliwahi kupima maombi kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, matokeo yakatoka 2006. Kati ya wale ambao hawakujua kama wanaombewa, walioombewa na wasioombewa walipata matatizo karibu sawa, asilimia 52 na 51. Walioambiwa wazi "mnaombewa" wakafika 59. Wengine wanasema labda waliingiwa hofu, kwamba hali yangu ni mbaya mpaka naombewa.

Na ushuhuda usiuweke kwenye daftari. Kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo 2011 kilikuwa na mashuhuda wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, kwa shilingi 500 tu. Swali lilikuwa la vipimo vya kabla na baada, na wengi walipanda gari bila hivyo.

Mjukuu wa Mfumu
Mnachanganya vitu. Bibi yangu alikuwa mfumu, yaani mganga wa Kisukuma. Tambiko kwa wahenga halitoi ahadi ya ndoo, ni heshima, hakuna cha kupima pale. Ila mtu akisema "lipa, utavua zaidi", huyo ametoa dai la sokoni, apimwe kama muuza mbegu.

Ramli ya kuku pia inapimika. Kifaranga kikishapasuliwa, waite wafumu wawili mmoja mmoja, wasisikiane, kila mtu asome. Wakisoma tofauti, mjue. Waazande wa kule Sudan Kusini waliuliza kuku wa pili kuhakiki wa kwanza, kwa hiyo wazo la kurudia jaribio si la wazungu peke yao.

Kinachonitisha ni kingine. Mvuo ukishuka, mzee wako atatafuta sababu. Usukumani tunajua sababu hiyo huwa inaangukia nani: bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Kabla hamjaanza, mkubaliane hakuna kutaja jina la mtu. Kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai, Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na ramli chonganishi zimepigwa marufuku.

Mwana wa Igombe
Asanteni sana. Nimemfuata mtaalamu mwenyewe jana. Hakukasirika. La majina kakubali mara moja. Ameuliza: "Ikishindwa, nitajuaje kama dawa imeshindwa au nahodha amevunja mwiko?" Nikakosa jibu. Na kitambaa cha majivu anataka alipwe nacho.

Hesabu za Ziwa
Mlipe, ndio bei ya jaribio. Swali lake ni zuri. Aitaje miiko yote sasa, uiandike, aweke dole gumba. Kila asubuhi nahodha aulizwe kama ameivunja KABLA ndoo hazijahesabiwa. Aliyevunja anaondolewa, awe amevua au hakuvua. Sababu itakayoletwa baada ya hesabu haiingii. Na kubalianeni leo, tofauti ya ndoo ngapi itamfanya bamdogo aache kukata hiyo hela.

Mwana wa Igombe
Nani ashike karatasi inayoonesha kura imempa nani dawa? Mwaloni wote ni ndugu au wanadaiana.

Mama Dagaa Kirumba
Mpe mama lishe. Hana mtumbwi, na nyote mna deni kwake.