Tupeane uzoefu: kuthaminisha gari la zamani kwa ajili ya bima

Bampa la Chuma
Wakuu, naanza na langu ili nisionekane nimekuja kuchota tu.

Nina Beetle ya 1967. Miaka sita nimeikatia bima kubwa, nalipa bila kukosa. Siku moja lori likarudi kinyumenyume likakalia boneti (nasema boneti mnielewe, ila pale kwenye Beetle ni buti, injini iko nyuma). Kampuni ikaleta hesabu yake: gari la umri huu limeshachakaa lote, kwa hiyo chukua hiki kidogo. Rangi niliyoivua mpaka kwenye bati, viti nilivyoshonesha upya, mpira mmoja mmoja wa madirisha niliouwinda kwa miezi, vyote sifuri.

Nikarudi kusoma mkataba, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka sita nyuma. Umeandikwa "thamani ya soko siku ya ajali". Kumbe kuna bima ya thamani ya makubaliano: mnakubaliana kiasi kabla, kinaandikwa, na gari likiangamia kabisa unalipwa hichohicho. Ila wanataka ripoti ya mthamini kwanza. Gari limerudi barabarani, nataka kukata upya. Mliopita huko, mthamini anaangalia nini hasa?

Mzee wa Kabureta
Mkuu, pole. Mimi nina Peugeot 404 na nimethaminiwa mara mbili.

Wa kwanza alikaa dakika kumi, hakufungua hata boneti. Aliniuliza mwaka, akapiga picha nne, akaondoka. Ripoti yake ilikuwa ukurasa mmoja na bima waliirudisha.

Wa pili alinipigia jana yake: usiiwashe asubuhi, nataka kuisikia ikiwa baridi. Alianza na namba ya chesisi na ya injini, akazilinganisha na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Kisha akapita na kipimo cha unene wa rangi, bodi nzima. Akalala chini na tochi. Akainua mazulia. Akajaribu kila swichi mpaka taa ya ndani. Mwisho tukatoka barabarani, akaniambia nyamaza kidogo nisikilize giaboksi.

Kilichonishangaza ni kwamba muda mwingi zaidi aliutumia mezani. Nilimwambia injini ilifanyiwa ovaholi. Akauliza, na nani, lini, picha ziko wapi? Odometa yangu ni ya tarakimu tano, ikishafika 99,999 inaanza upya, kwa hiyo haithibitishi chochote. Nilikuwa na risiti kwenye mfuko wa nailoni, nusu yake zimefifia zimekuwa karatasi nyeupe. Zile zilizosomeka alizihesabu. Zilizofutika akanirudishia kwa upole. Sasa hivi kila risiti ninayopewa naipiga picha kabla sijatoka dukani.

Debe la Alumini
Mimi wangu alikuja na sumaku ameifunga kwa kitambaa. Wenye magari ya bati mnaijua hiyo: ikinata, chini ya rangi kuna chuma; ikidondoka, chini ya rangi kuna puti nene (ile ya kuzibia mashimo na mabonde). Akaiweka kwenye madigadi ya Land Rover yangu, Series III. Ikadondoka. Boneti, ikadondoka. Akaanza kuandika kwamba gari zima ni puti!

Nikamwambia kaka, hilo bodi ni alumini. Land Rover hizi zikioza zinaoza chesisi, na ule ukuta kati ya injini na kabini, na huko wala hakuwa ameinama kuangalia. Nilimlipa nauli nikatafuta mwingine. Kabla ya kukubaliana naye nilimuuliza swali moja tu: umeshathamini ngapi za aina hii?

Mama Dizeli
Yangu ni Mercedes, toleo la W123. Niliinunua kwa mtu aliyeng'oa injini ya petroli akaweka ya dizeli ya 240D. Kazi safi, haina shida, lakini kadi bado ilikuwa na namba ya injini ya zamani. Mthamini akaligundua hilo dakika za mwanzo. Akanionyesha pia kibati cha namba ya rangi pale mbele karibu na rejeta: gari halikuzaliwa jeupe. Miaka yote najisifu weupe wake ni wa kiwandani!

Roho iliniuma, maana injini isiyo yake inashusha thamani kwa wanaopenda uasilia. Lakini aliniambia nirekebishe kadi kwanza ndipo aandike. Ningeficha, siku ya ajali namba zingekataa kufanana na hapo ndipo dai lote lingekwama.

Kalamu Nyekundu
Niongeze upande ambao watu hawaupendi. Msimsukume mthamini apandishe. Ada ya bima inapanda pamoja na hiyo thamani kila mwaka, na ripoti isiyofanana na picha zake inaleta maswali siku mbaya.

Kushusha ili ada iwe ndogo nako ni mtego. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: gari lina thamani ya 10, wewe umeandika 5, ukigonga uharibifu wa 2 unalipwa 1. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Someni na neno lenyewe. "Thamani iliyotajwa" siyo "thamani ya makubaliano". Ya kwanza umeitaja wewe, na wao wanaweza kulipa pungufu. Ulizeni vilevile mabaki ni ya nani. Gari la kisasa likifa unalisahau, lakini la zamani unalitaka hata likiwa limepondeka, spea zake utazitoa wapi?

Boliti Moja
Langu limefumuliwa, liko vipande vipande kwenye karakana na nusu ya chumba changu cha kulala. Mke amezoea. Nilithaminiwa hivyohivyo, mthamini akasema ataandika lilivyo leo na arudi likishapigwa rangi. Milango iliyong'olewa aliiorodhesha kando. Uliza kama bima inagusa vitu vilivyo nje ya gari, kwangu haikugusa.

Bampa la Chuma
Asanteni sana wakuu. Leo nimeinua kiti cha nyuma kutafuta namba ya chesisi. Ipo pale katikati, ila niliifunika mwenyewe kwa rangi wakati wa kupulizia. Tarakimu tatu hazisomeki. Nina msasa hapa mkononi.

Mzee wa Kabureta
Weka chini huo msasa! Mikwaruzo juu ya namba itaonekana kama imechezewa. Dawa ya kuondolea rangi, kitambaa na uvumilivu. Piga picha kabla na baada.

Bampa la Chuma
Nimeshauweka.

Mama Dizeli
Na glavu, baba. Ile dawa inachoma.