Kupe na papasi wa porini Tabora na Kigoma: mliolala kambi, tupeane uzoefu

Mrina wa Kaliua
Wakuu, habari za jioni. Nimevua shati sasa hivi nikakuta kupe kajikita kwapani, na sikuwa hata porini, nilikatiza tu majani ya ng'ambo ya reli. Nikakumbuka kambi za asali. Karibuni nawapeleka vijana upande wa Ugalla kukagua mizinga, na wengi wao hawajawahi kulala nje. Mnajikinga vipi, na akishang'ata mnamtoaje? Habari za mbu na ndorobo tunazijua, leo ziacheni.

Binti Malagarasi
Kupe wa majani ana afadhali kaka, huyo unamwona. Mimi aliyeniweza ni papasi, yule kupe wa kwenye nyufa za nyumba.

Tulikuwa tunalinda mahindi na mama, huku kwetu Kibondo. Mvua ikatukuta, tukahamia kibanda cha zamani chenye sakafu ya udongo, kuta zimepasuka. Asubuhi hakuna hata muwasho wa maana. Papasi mchana amejificha kwenye nyufa, usiku anakuja, ananyonya kama nusu saa, anarudi kwake wewe bado unakoroma.

Siku zikapita, homa ikanishukia. Kichwa, viungo, kutapika, macho siwezi kutazama mwanga. Zahanati ya kwanza kipimo cha haraka kikasema hakuna malaria, wakanipa dawa mseto hivyo hivyo. Homa ikaondoka yenyewe, nikaamka, nikapika, nikasema nimepona. Haikufika mbali, ikarudi, na safari hii nilikuwa naongea na marehemu bibi. Mama akanipakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya. Huko mzee wa maabara akatoa damu homa ikiwa juu kabisa, akaiweka kwenye kioo, akachungulia, akamwita mwenzake. Vijidudu vimejisokota katikati ya chembe za damu: homa ya papasi.

Nikapewa doksisaiklini. Mganga akanionya kwamba dozi ya kwanza ikianza kuwaua wadudu nitatetemeka sana. Jamani, nilitetemeka kitanda kikasogea. Mama akaanza kusali kwa sauti.

Msafiri wa Daraja la Tatu
Nakazia. Papasi hana mchezo.

Mzee wa Kwihara
Mwangaluka. Hilo la binti si geni. Daktari Mjerumani Robert Koch alipokuja nchi hii mwaka 1905 aliwatafuta papasi kwenye vituo vya kupumzikia kando ya njia za misafara, akakuta vimelea vya homa hiyo hadi ndani ya mayai yao. Yaani mtoto wa papasi anazaliwa navyo tayari. Na papasi hukaa miaka bila kula. Kwa hiyo mtu akikwambia "hicho kibanda ni salama, hakijakaliwa siku nyingi", mwache alale yeye.

Chuma Chakavu
Turudi kwa kupe. Dawa ni kijiti cha kiberiti, unakizima, unamgusa nacho makalioni kikiwa cha moto, anaachia mwenyewe. Kama huna, mafuta ya taa.

Nesi wa Uyui
Hapana, hapana! Ukimchoma au ukimpaka mafuta anaweza kukutemea ndani ya jeraha yale aliyoyabeba. Chukua kibano cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Kisha sabuni na maji. Usimpasue kwa kucha.

Chuma Chakavu
Babu yangu kule Urambo alitumia mafuta ya taa maisha yake yote.

Nesi wa Uyui
Babu alikuwa na bahati, mdogo wangu. Bahati hatuigawi dirishani.

Dereva wa Tumbaku
Mnanikumbusha mbali. Tumelala kambi kusini ya Sikonge, mwenzetu kapita kwenye majani makavu, karudi na vikupe vichanga mwili mzima, vidogo kama ugoro. Akavua nguo zote, kasimama karibu na moto, tunamchambua kwa tochi. Tuko mapajani, tochi ikaangaza nyuma yake: macho mawili. Simba jike, kakaa chini, anatutazama. Jamaa anauliza "mbona mmenyamaza, wamebaki wangapi?"

Msafiri wa Daraja la Tatu
Hahahaa! Ehe, ikawaje?

Chuma Chakavu
Simba wa Sikonge au fisi wa Sikonge? Madereva tunawajua.

Dereva wa Tumbaku
Fisi unamjua wewe. Tulipiga masufuria, akaondoka bila haraka. Jamaa yeye alishapanda mti zamani, uchi, mti wenyewe una siafu.

Mrina wa Kaliua
Wakuu, mada ni kupe.

Nesi wa Uyui
Mrina, vijana wavae mikono mirefu, suruali ichomekwe ndani ya soksi. Nguo zinyunyiziwe permethrini, dawa ya kuua wadudu, zikauke ndipo zivaliwe, na hiyo haipakwi mwilini. Jioni wakaguane: kwapa, kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio. Akitokea mwenye homa na kidonda chenye kigaga cheusi pale alipong'atwa, asikae kambini kusubiri.

Mama Ntilie Uvinza
Bebeni kuku. Wanadonoa kupe wote, mkichoka mnakula.

Mzee wa Kwihara
Mama, papasi naye hunyonya kuku. Utakuwa umemletea chakula.

Chuma Chakavu
Mimi nafua nguo za pori kwa dawa ya josho. Kupe wakinusa wanahama wilaya.

Nesi wa Uyui
Ile ni ya ng'ombe! Mtu akipaka mwilini anaweza kuzidiwa na sumu.

Binti Malagarasi
Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nilipona. Mmeng'ang'ana na simba.

Msafiri wa Daraja la Tatu
Pole dada yangu. Ulipona?

Binti Malagarasi
Nilipona. Kile kibanda mama alikitia moto, mwenye shamba akatudai fidia.

Mrina wa Kaliua
Basi sisi tutabeba hema na chandarua, kibanda hata tukikikuta hatuingii. Dereva, lori linashuka Sikonge lini?

Dereva wa Tumbaku
Jumatatu, ila nawaacha barabarani. Kule ndani siingii tena.