Stendi ya kamera imetuponza: tumedaiwa laki tatu kusimama kwenye mchanga wa bahari

Wakuu, nawasalimu, na wa shikamoo nawapa zao. Naandika nikiwa na hasira, maneno yakikaa upogo mnivumilie.

Nasoma mambo ya utayarishaji wa vidio, mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa Dar. Kazi ya kufungia somo ni vidio ya muziki, kundi la watu saba, na sharti la mwalimu ni kwamba nusu ya picha zipigwe nje kwa mwanga wa jua. Tukachagua ufukwe upande wa Kigamboni. Jina la sehemu naliacha, sitaki kesi.

Msidhani tulikurupuka. Tulienda kukagua mapema. Pale maji yakipwa sana linatoka fungu la mchanga mbali kidogo na ufukwe, unalifuata kwa miguu maji yakiwa kwenye vifundo. Ukimsimamisha msanii juu yake, nyuma hakuna nyumba, hakuna mnazi, ni bahari tupu. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyeachwa, kwa hiyo mnaelewa tulivyolipenda. Ila fungu hilo halitoki siku za maji mafu, yale yanayopwa kidogo, linatoka bamvua tu, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapopwa sana, na pwani yetu hii maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Ratiba nzima tukaifunga hapo: Jumamosi ya mwezi mpevu, kamera isimame saa tatu, saa sita tuwe tumeshafunga virago.

Alfajiri tukavuka na pantoni. Kamera ya chuo ina betri moja (ya pili imebebwa na kundi lingine na hawapokei simu), spika ya kuazima, na ubao wa kurudishia mwanga tuliotengeneza kwa boksi la friji na karatasi ya foili.

Saa mbili na nusu ndiyo kwanza tunakunjua stendi, mlinzi wa hoteli ya jirani huyo. "Nyie vijana, mna kibali?" Nikamwamkia, nikampa barua ya chuo yenye muhuri. Hakuifungua. Akasema mbele ya hoteli hapapigwi picha za biashara bila laki tatu. Nikamwambia kaka, sisi ni wanafunzi, biashara gani? Akaigonga stendi kwa rungu: "Na hii?"

Sasa sikieni kituko. Hatua kama thelathini kutoka hapo wageni watano wanacheza mbele ya simu waliyoiegemeza kwenye kandambili, muziki juu, wanarudia na kurudia. Mlinzi kawapita, kawapungia mkono. Sisi stendi ya kuazima imetufanya kampuni.

Akaja meneja. Hapo nikafanya kosa la kujua. Nikamkumbusha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, kwamba ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari hakuruhusiwi shughuli za kudumu, na mabanda yake ya makuti, yenye nguzo za zege, yalikuwa karibu na mwani kiasi kwamba ungeweza kuutemea mate ukiwa umekaa. Hakunijibu. Akatoa simu, akampigia mtu.

Mtu akaja na bodaboda. Akajitambulisha anatoka "ofisi ya mtaa", kitambulisho hana, anataka elfu hamsini ya usafi. Nikaomba namba ya malipo ya serikali nilipe kwa simu. Akacheka. Risiti je? "Utaifuata Jumatatu."

Na kabla hamjanirukia: sipingi vibali. Sheria ya filamu ya 1976 tumeisoma darasani. Kama kosa letu ni kibali, aje mwenye mamlaka ya kibali aniandikie faini, nitalipa na risiti nitaitunza. Lakini mlinzi wa geti kapewa lini kazi hiyo? Na bei gani hii inayoshuka kadiri unavyozidi kulalamika? Maana tulianza laki tatu, tukaishia themanini kwa hoteli na thelathini kwa yule wa bodaboda. Tumechanga mpaka nauli ya kurudia.

Saa ikawa tano na dakika arobaini. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu, katuangalia tunakimbilia kule, akatuita: "Wanangu, hilo fungu saa sita na nusu halipo." Kweli tupu. Tulipofika lilikuwa limebaki kama mkeka.

Picha za mwendo wa polepole zina kazi yake. Wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili, msanii anaimba kwa kuukimbiza, unarekodi fremu 50 kwa sekunde kisha unaionyesha kwa 25, ndipo midomo inakaa sawa na wimbo huku gauni linapepea taratibu. Kwa hiyo yule dada analia machozi ya kweli, spika inatoa sauti ya panya, mlinzi kule ufukweni kajikunja kwa kicheko. Upepo ukabeba ubao wa foili. Jua liko utosini, macho yote yameingia kivuli, anaonekana kama hajalala wiki. Tumepata mkupuo mmoja na nusu. Wa pili wimbi likapita juu ya jiwe tulilowekea spika, ikakoroma, ikanyamaza. Mwenyewe anadai elfu tisini.

Yule mzee ndiye aliyetuokoa kidogo, katuachia ngalawa yake tupigie picha mbili tatu, hela kakataa. Tumemnunulia soda.

Jumatatu nikamweleza mwalimu. Jibu: "Changamoto za lokesheni ni sehemu ya somo." Nikauliza barua ya chuo basi ni ya nini, akasema ni ya utambulisho. Ya kujitambulisha kwa nani, samaki?

Kazi inakusanywa Ijumaa hii. Nimeshapiga hesabu ya maji: Ijumaa ni maji mafu, fungu halitoki mpaka mwezi uandame, wiki nzima baada ya hapo. Mwenye kujua ufukwe kuanzia Bagamoyo mpaka Kimbiji ambao mtu anasimamisha stendi bila kuulizwa baba yake ni nani, aniandikie hapa leo. Na mwenye betri ya kamera.