Hadithi ya mnyonya damu iliyokunyima usingizi: tupeane uzoefu

Kurunzi
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba chini, nikakutana na Dracula ya Bram Stoker, jalada limechanika, kurasa zimepauka. Nikasimama palepale nikafungua kwenye daftari la nahodha wa meli ya Demeter, ile iliyombeba Dracula, mnyonya damu mwenyewe, bila kujua. Waliosoma wanajua. Kila mara baharia mmoja hayupo. Nahodha haandiki makubwa: tarehe, upepo, nani yuko zamu, nani haonekani. Mwisho anabaki peke yake, anajifunga mikono kwenye usukani pamoja na rozari, na meli inaingia bandari ya Whitby ikiongozwa na maiti. Kitabu ni cha 1897, na mpaka leo sijasoma kitu cha kutisha kilichoandikwa kwa upole namna ile.

Naomba tupeane uzoefu. Hadithi gani ya mnyonya damu, riwaya au kitabu cha katuni, ilikukamata? Ukurasa gani? Filamu tuziweke pembeni. Kule kuna muziki wa kukutisha, kwenye kitabu uko wewe na herufi tu.

Ndulele
Nakazia. Ile meli ilinimaliza kabisa.

Mzee wa Bohari
Umenikumbusha mbali, kijana. Mimi ni pale Harker, wakili kijana aliyefikia kwa Dracula, anapochungulia dirishani usiku, anamwona mwenyeji wake anashuka ukuta wa ngome kichwa chini, joho limetanda. Stoker mwenyewe anasema alishuka kama mjusi. Sasa sisi tuliokua na mijusi kafiri juu ya dari, ukishasoma hapo huwezi tena kulala chali. Nilikuwa nimepanga chumba Tandika, dari la hardboard, na wale wadudu wanakimbizana juu yake usiku kucha. Nililala kifudifudi mpaka nilipohama.

Kachumbari Kali
Nilichojifunza ni kwamba yule bwana, na ukali wake wote, jua likichomoza tu kwisha habari yake. Ndiyo maana alikufa kwa jua.

Mzee wa Bohari
Hapana, Kachumbari. Kwenye kitabu Dracula anatembea London mchana kweupe, Harker na mkewe Mina wanamwona Piccadilly. Mchana nguvu zake zinapungua, basi. Na anakufa kwa visu viwili: Harker anamkata koo, Mmarekani Quincey Morris anamchoma moyoni, jua linakaribia kuzama. Hilo la kuuawa na jua lililetwa na filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu, waliyoitengeneza bila ruhusa. Mjane wa Stoker akawashtaki, mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Kwa bahati chache zilinusurika.

Kachumbari Kali
Mzee, dunia nzima inajua vampaya anaogopa jua.

Mzee wa Bohari
Dunia nzima imeangalia filamu. Mleta uzi ameuliza kitabu.

Mchora Vibonzo
Mimi ni mtu wa katuni. Mjomba alikuwa baharia, akirudi analeta magazeti ya katuni ya Marekani, mengine hayana kurasa za mwisho. Humo nikakutana na The Tomb of Dracula, ile ya Marvel iliyoanza 1972. Mchoraji ni Gene Colan. Yule mtu alijua kuchora ukungu. Unaona uso nusu, nusu nyingine imezama kwenye wino, na jicho lako ndilo linalomalizia. Sijui niliharibu madaftari mangapi ya hesabu nikijaribu kuiga kile kivuli.

Na ndani yake, toleo la 10, mwaka 1973, anatokea Blade. Mtu mweusi, ana visu vya mbao, anawawinda hao. Mama yake aling'atwa akiwa kwenye uchungu wa kujifungua. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mweusi kwenye hadithi za aina hii ambaye hafi ukurasa wa pili. Niliirudia sura yake mpaka karatasi ikalegea. Na kwenye zile za mwanzo hana nguvu zote mlizoziona kwenye filamu ya 1998. Ana kinga tu ya kung'atwa, kingine ni mikono yake na hasira.

Kitu ambacho wengi hawajui: kuanzia 1954 wachapishaji wa katuni Marekani walijiwekea kanuni, na vampaya wakapigwa marufuku kabisa. Kanuni ikalegezwa 1971. Ndiyo maana baada ya hapo wakafumuka kwa mpigo.

BintiMlandege
Mtanisamehe, mimi niliingilia mlango wa Twilight, ile ya msichana anayependana na vampaya. Nilikuwa kidato cha pili Unguja, kitabu kinazunguka darasa zima kwa zamu, kila mtu usiku mmoja. Kiingereza changu kilinyooka pale.

Kachumbari Kali
Yule anayemeremeta juani? Huyo siyo vampaya.

BintiMlandege
Kaka, ulichokuwa unajua wewe kuhusu jua kimeshakosolewa hapo juu.

Ndulele
Mwacheni binti. Lakini na mimi nasema hivi: mnyonya damu akishakuwa mchumba, hofu imekwisha. Mimi nataka kuogopa.

Mzee wa Bohari
Ndulele, mapenzi yalikuwemo tangu zamani. Carmilla ya Sheridan Le Fanu ilitoka miaka 25 kabla ya Dracula, na yote ni msichana anayependwa na mgeni wa kike aliyefikia nyumbani kwao, huku afya yake inaporomoka na haelewi kwa nini. Kabla ya hapo, 1819, Polidori alishaandika kuhusu bwana mmoja wa tabaka la juu, mtanashati, anayewamaliza wanawake. Wazo lilitokana na mikesha ya 1816 kando ya ziwa la Geneva, ileile iliyompa Mary Shelley wazo la Frankenstein. Kwa hiyo BintiMlandege yuko kwenye ukoo halali kabisa. Uzuri wa Carmilla ni kwamba unapenda na unaogopa kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha.

BintiMlandege
Ahsante mzee wangu. Shikamoo.

Shungi
Nimeusoma uzi huu tangu juu nikasema nipite. Nimeshindwa.

Kitabu changu ni 'Salem's Lot cha Stephen King, cha 1975. Kuna watoto ndugu wawili, mdogo anapotea msituni, mkubwa, Danny, anaugua, anakufa, anazikwa. Halafu usiku Danny anakuja kwenye dirisha la mwenzake Mark, anaomba afunguliwe. Kanuni ni kwamba hawezi kuingia mpaka akaribishwe.

Nilisoma bweni, shule ya wasichana Nyanda za Juu Kusini, kule baridi ya Juni inaingia mpaka kwenye mifupa. Dada mmoja wa kidato cha tano alikuwa na hicho kitabu. Taa zikizimwa, anawasimulia wenzake kwa Kiswahili, sura kwa sura, na alikuwa fundi wa kusimulia. Usiku wanafika kwenye dirisha, mimi sikuwepo. Nilikuwa zahanati ya shule, malaria, nimeshindiliwa kwinini, masikio yanavuma.

Umeme ukakatika. Muuguzi hayupo. Nilikuwa peke yangu chumba kizima, natetemeka, blanketi langu zito liko bwenini. Nikaona nirudi. Nilijikokota gizani kwa kushika ukuta, nikakuta mlango umekomewa kwa ndani. Nikazunguka hadi dirisha la kitanda cha rafiki yangu, tumetoka naye darasa la kwanza. Nikagonga kioo. Nikamwita jina. Nikasema, "Nifungulie, mimi hapa, nasikia baridi."

Sauti ilikuwa imekauka, hata mimi niliisikia si yangu. Ndani pakawa kimya, halafu mtu akaanza Baba Yetu, wengine wakadakia. Kadiri ninavyoomba ndivyo sala inavyopanda. Rafiki yangu akawasha tochi akanimulika. Tulitazamana. Namwona midomo inacheza, ananiona machozi. Akalishika pazia akalivuta. Kisha mwingine akaweka rozari kwenye kioo, naiona kivuli chake kwenye pazia, inaning'inia.

Mimi sikuwa najua habari ya kitabu. Nilifikiri nimekufa. Naapa kwa Mungu, nilifikiri malaria imeniua na wao wanaona maiti. Nikajishika shavu kuangalia kama ni la moto. Mlinzi ndiye aliyenikuta kwenye karo la kufulia, nimekaa juu ya saruji yenye maji, akanibeba hadi kwa matroni.

Miaka imepita nikakinunua hicho kitabu nikakisoma mwenyewe. Wote mnaokisoma mnakuwa Mark, mko ndani, mnashangilia anapoubandika ule msalaba wa plastiki wa kuchezea kwenye shavu la Danny. Mimi nilikisoma nikiwa nje. King haelezi yule mtoto anasikia nini akiona rafiki yake anamkataa.

Ndulele
Aisee.

Mchora Vibonzo
Pole sana dada. Nimeacha nilichokuwa nachora.

Kachumbari Kali
Pole dada Shungi. Lakini hao wasichana ni wakatili. Malaria nyingi tumeugua, nani asiyejua mgonjwa wa malaria anavyoweweseka?

Mama Wawili
Usiwaite wakatili, walikuwa watoto wenye hofu gizani. Ungekuwa wewe ungefungua? Wa kuulizwa ni mtu mzima aliyemwacha mgonjwa wa kwinini peke yake usiku.

Mtumishi
Wapendwa, ndiyo maana tunasema vitabu hivi visisomwe usiku. Ukijaza moyo giza, hata ndugu yako utamwona pepo.

Mzee wa Bohari
Mtumishi, kwa heshima zote, kitabu hakikukomea mlango.

Mtumishi
Mzee, na rozari kwenye kioo iliwekwa na nani? Hofu ilitoka wapi kama si humo?

Ndulele
Mimi nasoma kwenye daladala mchana, Mbagala hadi Kariakoo. Kuna foleni, kuna kondakta anapiga kelele. Hakuna vampaya anayeweza kukufuata pale.

Mama Wawili
Hapana, visomwe usiku, ndivyo vilivyoandikiwa. Ila mlango usikomewe.

Kurunzi
Dada Shungi, ahsante kwa kutuamini. Yule rafiki yako vipi?

Shungi
Kesho yake alikuja zahanati na kikombe cha uji, akakaa kwenye ncha ya kitanda. Hakusema kitu, nami sikumuuliza. Ndiye aliyesimamia harusi yangu. Nampenda. Ila akinipigia simu usiku akasema "mimi hapa", huwa nasikia kitu tumboni.

Pwani Moja
Mimi wa Mombasa, nina langu. Tukiwa wadogo nyanya alitukataza kuwa nje magharibi kwa sababu ya mumiani. Yeye mumiani wake alikuwa na gari na sare. Enzi za ukoloni Nairobi, Kampala, Dar, watu walikuwa wanasema wazimamoto wanakamata watu, wanawatia shimoni, wanawatoa damu. Luise White, mwanahistoria, aliandika kitabu kizima juu ya hayo, Speaking with Vampires, cha 2000. Nilikisoma nikasikia sauti ya nyanya.

Ndiyo maana nilipokuja kumsoma Dracula sikumwogopa sana. Kwetu mnyonya damu hana meno marefu wala hakupendi wala hakuombi umkaribishe. Ana ndoo na ana mwajiri. Damu yako inapelekwa mahali, na wewe hutarudi. Kwangu huyo anatisha zaidi kuliko bwana mwenye ngome.

Kachumbari Kali
Hizo ni porojo za mtaani, siyo riwaya. Uzi umesema riwaya na katuni.

Pwani Moja
Unachoita porojo kimewafanya watu waogope kutoa damu hospitali mpaka leo. Na mwandishi akipata ujasiri wa kumwandika yule mwenye ndoo kwa Kiswahili, riwaya nzito, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mchora Vibonzo
Mwandike, mimi nachora. Sitanii.

Mama Wawili
Niseme langu nilale. Interview with the Vampire ya Anne Rice, 1976. Kuna Claudia, aligeuzwa akiwa na miaka mitano. Akili inakua, inakuwa ya mwanamke mzima, mwili unabaki wa mtoto. Anne Rice alimpoteza binti yake kwa saratani ya damu 1972, naye hajafika miaka sita. Nilipolijua hilo nilirudia zile kurasa nikaona mama anayejaribu kumzuia mwanawe asife, na hata kwenye hadithi aliyoitunga mwenyewe hapati anachotaka. Nami nimezika. Nilikiweka kitabu juu ya kabati nikakaa na watoto wangu sebuleni. Baadaye nilikimaliza. Sijawahi kumruhusu mtu aniambie hizi ni hadithi za kitoto.

BintiMlandege
Pole mama. Nimekusikia.

Mzee wa Bohari
Shungi, binti yangu, nimefikiri sana juu ya maneno yako kuhusu aliye nje. Tafuta I Am Legend ya Richard Matheson, ya 1954. Sahau filamu. Robert Neville amebaki mtu mmoja, wote wengine wamegeuka. Kila usiku jirani yake wa zamani, Ben Cortman, anasimama nje anamwita kwa jina atoke. Na mchana Neville anapita nyumba kwa nyumba akiwaua wamelala. Mwisho kabisa anatambua kwamba wale wamejenga jamii yao mpya, na kwao yeye ndiye jinamizi linalowajia wakiwa usingizini. Ni kitabu chembamba. Naona kinakuhusu.

Ndulele
Na baada ya hapo Fledgling ya Octavia Butler, 2005. Shori, mtoto mweusi kwa kumtazama, kumbe ana miaka 53. Ngozi yake nyeusi ndiyo inayompa uwezo wa kuhimili mchana, na wenzake wanaua ukoo wake kwa sababu hiyohiyo. Anaamka hana kumbukumbu, hajui ni nani. Unaanza naye gizani.

Shungi
Nimeviandika vyote viwili. Hicho cha Matheson kinapatikana wapi? Niko Mbeya.

Pwani Moja
Mimi nilikipata Nairobi, kwenye inama, vile vitabu vinavyotandazwa chini, mtaa wa Tom Mboya. Mwezi ujao nina safari ya huko. Nikikiona nakununulia, nakiweka kwenye basi la Mbeya. Nitumie ujumbe pembeni.